Lita Tano za Heshima

Masikio alikuwa fundi hodari, hilo hata mahasimu wake walilikubali, ila alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kujisifu. Jina lenyewe alilipata kwa njia hiyo. Ukimpelekea gari haulizi lina nini. Anakuinulia kiganja unyamaze, anafumba macho, anainama juu ya injini na kutulia tuli. Kisha anatamka hukumu. "Plagi ya tatu." "Mkanda umelegea." Mara tisa katika kumi anakuwa kapatia. Ile mara ya kumi haikuwa ikizungumzwa pale gereji.

Gereji yenyewe ilikuwa ua wa kuta tatu, nusu yake imeezekwa mabati, na sakafu yake ilikunywa oili miaka thelathini hadi ikawa nyeusi na laini. Ukutani palikuwa na ubao uliochorwa umbo la kila spana kwa rangi nyeupe, ili spana ikipotea pengo lake likusute. Wateja waliketi kwenye matairi ya zamani. Ilikuwepo pia desturi moja ambayo Masikio aliirithi kwa mzee aliyemfundisha kazi: gari halitoki getini kwake na tangi kavu. Hata ukija kubadilishiwa taa moja tu, kabla hujaondoka yeye mwenyewe, si mtu mwingine, anaenda kwenye pipa lake la petroli, anavuta kwa pampu ya mkono, na kukumiminia lita tano. Halipwi. Ukiuliza kisa, anakujibu, "Hizo ni lita za heshima. Mgeni haondoki kwangu na kiu." Halafu anatazama kushoto na kulia kuona nani kasikia.

Sasa basi, mtu huyu alikuwa na dada yake wa toka nitoke, mkubwa wake kwa miaka mitano, mshonaji mwenye duka nyumba ya nne kutoka pale. Mwaka huo shule ya bweni iliyo juu ya mlima ilimpa dada huyo kazi ya kushona sare za wanafunzi wote wapya, jozi mia na ishirini. Miaka yote kazi hiyo ilikuwa ya kiwanda. Kwa mara ya kwanza shule ilikuwa imemwamini mshonaji mmoja na cherehani zake tatu, na sharti lilikuwa moja: mzigo ufike Jumamosi kabla ya adhuhuri, maana jioni yake watoto wanaripoti. Ndipo mshonaji akaamua kununua gari. Alilipata kwa karani mmoja mstaafu, gari la kubebea familia, la mitumba, rangi ya maziwa, limezeeka kwa adabu. Kabla ya kulinunua alimwita mdogo wake aje alisikilize.

Masikio alilisikiliza robo saa nzima. Alilizunguka, akaligonga tairi, akalisikiliza tena. Mwisho akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, "Dada, chukua. Hili nalidhamini kwa shingo yangu."

Wiki ya kwanza gari lilikwenda kama limetumwa. Wiki ya pili mshonaji alilipeleka kwa mdogo wake libadilishwe oili. Masikio, kwa kumtukuza dada yake, alitaka gari lilale chini ya mabati, kwenye kivuli, penye nafasi bora kuliko zote. Akalisukuma pipa lake la petroli nje, nyuma ya ukuta, akaegesha gari hapo. Akabadilisha oili, akamimina lita zake tano za heshima, akaliaga gari kwa kulipiga kofi mgongoni. Mvua nazo zilikuwa zimeanza.

Tangu hapo gari likaanza visa. Likiwa limesimama linanguruma vizuri, husikii dosari. Ukilikanyaga mafuta linasita, linajikuna kichwa kama mtu aliyeulizwa deni, halafu linaruka ghafla mbele, halafu linasita tena. Penye tambarare unavumilia. Penye kupanda hata punda angekupita.

Mshonaji alilirudisha Jumatatu ya wiki ya mzigo. Masikio akafumba macho. "Plagi," akasema. Akaweka plagi mpya zote nne, akamimina lita tano, akamwambia dada yake aende kwa amani. Jumanne gari likarudi. Masikio akafumba macho muda mrefu zaidi. "Pampu ya mafuta imechoka." Akabadilisha pampu, akamimina lita tano. Jumatano asubuhi gari likarudi likijikwaa barabara nzima, na wauza duka wakatoka vibarazani kulitazama, kwa sababu hakuna tamasha tamu kama la mtu mwenye majivuno akishindwa.

"Dada, nipe leo tu," Masikio alisema.

"Leo nilikupa juzi," dada yake akamjibu. "Na jana pia."

Aliyekuwa amesimama pembeni akifuta mikono kwa tambara ni binti yake Masikio. Alikuwa na miaka ishirini na minane, amesomea ufundi, na miaka minne amefanya kazi kwenye kampuni moja ya malori kabla ya kurudi nyumbani kufanya kazi na baba yake. Alikuwa amepewa jina la bibi yake, mama yake Masikio, na kwa hiyo baba na shangazi walimwita "mama" tu, tangu yuko kwenye nepi. Binti hakusikiliza injini kwa kufumba macho. Yeye alikuwa na daftari. Aliandika kila alichopima, na alichokwisha kukipima na kukikuta kizima alikipiga mstari. Masikio aliliona daftari lile kama ugonjwa wa vijana. "Ukimwandikia mgonjwa barua, atapona?" ndivyo alivyopenda kumtania mbele ya wateja.

Siku hiyo ya Jumatano binti aliomba ruhusa. "Baba, naomba nilipime na mimi."

"Pima, mama. Kupima hakuharibu."

Akapima. Presha ya mafuta ikawa sawa. Mgandamizo wa silinda zote nne ukawa sawa. Akainua magurudumu moja moja na kuyazungusha kwa mkono kuona kama breki zinakwama, hazikukwama. Akakagua chujio la hewa, akafungua bomba la moshi kuona kama limeziba, akaliendesha gari hadi kwenye kilima kifupi cha nyuma ya ghala la nafaka ili aone kama klachi inateleza. Alirudi, akapiga mistari daftarini, akabakiwa na neno moja lisilo na mstari.

"Baba, hewa ipo. Cheche ipo. Injini ni nzima. Kilichobaki ni mafuta yenyewe. Ubora wake."

Uso wa Masikio ukang'aa kama wa mtu aliyeokota pesa. "Kile kituo!" akapaza sauti. "Kile kituo cha mafuta cha njia ya mlimani! Dada, si ulijaza pale?"

"Nilijaza pale wiki iliyopita," mshonaji akasema.

"Basi! Wezi wale! Wanachanganya mafuta na kitu gani sijui, halafu fundi anaonekana hajui kazi!" Akatoka hadi getini kabisa, akawatangazia wauza duka na wapita njia na mwendesha baiskeli mmoja asiyehusika, kwamba kituo kile kinaua magari ya watu, na kwamba yeye, Masikio, ameligundua hilo. Binti alifungua mdomo kusema jambo, akaufunga. Baba yake alikuwa ameshaanza, na Masikio akianza ni kama mvua ya masika. Unasubiri tu ikatike.

Siku ya Alhamisi wakalimwaga tangi lote, hadi tone la mwisho. Masikio akayabeba mafuta yale yenye hatia na kuyatia kwenye karai la kuoshea vyuma. Kisha, kwa madaha, akaenda nyuma ya ukuta na kurudi na majerikeni mawili kutoka kwenye pipa lake. "Lita arobaini, dada. Safi. Kutoka kwangu."

Jioni ile mshonaji alipakia mafungu machache ya sare, kwa kujaribu tu, akalielekeza gari kwenye kilima cha ghala. Masikio alikuwa ameketi kando yake, mikono juu ya magoti. Gari lilifika nusu ya kilima. Likasita, likatetemeka, likapiga chafya mbili, likazima.

Nyuma yao lori lilipiga honi.

"Limekuwa baya zaidi," mshonaji akasema.

"Dada..."

"Nisikilize, mdogo wangu, maana leo zamu ya kusikiliza ni yako." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Masikio. "Mimi sijui magari. Sikununua gari mimi. Nilinunua neno lako. Kesho jioni kama hili halijapanda kilima hiki, nitampigia simu mkuu wa shule nimwambie sitaweza, awarudishie watu wa kiwanda kazi yao. Mimi nitavumilia. Lakini wewe usinidhaminie tena kitu kwa shingo yako."

Usiku huo Masikio hakula vizuri. Mkewe alimuuliza, akasema meno. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na hakuwa amezoea. Miaka thelathini neno lake lilitosha. Watu walinunua magari kwa sababu yeye aliitikia kwa kichwa. Na sasa mtu aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto alikuwa amemwambia kwa upole kwamba neno hilo halina kitu ndani.

Ijumaa asubuhi alipofika gereji alimkuta binti yake ametangulia. Juu ya benchi, mahali penye mwanga, palikuwa na chupa ya kioo iliyooshwa ikang'aa, ile ya kuhifadhia asali, na ndani yake petroli. Binti alikuwa ameketi mbele yake, mikono mapajani, kama anayemsubiri mtu.

"Nini hicho, mama?"

"Nimetoa kwenye tangi la shangazi, chini kabisa. Nimeyaacha yatulie saa nzima. Angalia chini, baba."

Masikio akainama. Juu palikuwa na petroli, ya manjano hafifu. Chini, unene wa vidole viwili, palikuwa na kitu kingine kisicho na rangi, kimejitenga na petroli kwa mstari ulionyooka. Binti akaitikisa chupa. Mstari ukavunjika kuwa matone ya mviringo, yakazunguka, yakashuka, yakaungana tena.

"Maji," Masikio akasema.

"Maji. Ndiyo maana likisimama linanguruma vizuri, linakunywa kidogo kidogo. Ukilikanyaga, au likiinama kwenye mlima, yale maji ya chini yanavutwa kwa wingi. Injini inapewa maji, inasongwa."

"Si nilisema!" Masikio alipiga paja lake, akaruka kama kijana. "Si nilisema kile kituo! Leo watanitambua. Lete hiyo chupa, naenda nayo!"

Binti hakuinuka. Alimtazama baba yake kwa macho ambayo Masikio aliyafahamu sana, maana yalikuwa macho ya mama yake mzazi, ya siku zile alipovunja kitu na kukikana.

"Baba," akasema taratibu, "mafuta ya kituo tuliyamwaga jana."

Masikio alisimama mkono ukiwa hewani.

"Yote," binti akaendelea. "Hadi tone la mwisho. Haya yaliyomo humu..."

"Najua yaliyomo," Masikio akasema. Sauti ilimtoka ndogo.

Akatoka, akaenda nyuma ya ukuta. Binti akamfuata na chupa ya pili. Pipa lilikuwa limesimama pale alipolisukuma yeye mwenyewe wiki mbili zilizopita, wazi juani na mvuani, na juu ya kifuniko chake palikuwa na maji ya mvua yametuama, kwa sababu uso wa pipa una ukingo kama sinia. Katikati ya maji hayo ndipo penye kizibo. Binti akakifungua. Mpira wa kizibo ulikuwa umekauka ukapasuka.

"Mchana jua likilichoma, hewa ya ndani inavimba na kutoka," binti akasema. "Usiku likipoa, linavuta pumzi. Na juu ya pua yake kuna maji. Kila usiku linakunywa kidogo. Na maji ni mazito, yanakaa chini, na bomba la pampu yetu linafika chini kabisa."

Akavuta pampu mara tatu, akaijaza chupa ya pili. Haikuhitaji kutulia saa nzima. Nusu yake ilikuwa maji matupu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe unaweza kuwa umejishonea na kuisifia. Masikio aliketi juu ya tairi. Alipiga hesabu. Oili, lita tano. Plagi, lita tano. Pampu, lita tano. Halafu, kumaliza kabisa, lita arobaini. Gari lilikuja zima, na kila alipolitibu alilinywesha sumu kwa mkono wake mwenyewe na kuiita heshima. Wala si gari hilo peke yake. Alikumbuka muuza mayai aliyelalamika kwamba kigari chake kinakata pumzi, akaambiwa ni uzee. Alikumbuka mwalimu wa udereva, mtu aliyefundisha nusu ya mji kuendesha, ambaye yeye Masikio alimwambia mbele ya watu, "Mguu wako mzito, mwalimu, hujui kukanyaga mafuta." Na kituo cha mafuta. Mungu wangu, kituo cha mafuta.

Binti alichuchumaa mbele yake. "Baba, sikia. Hakuna anayejua ila mimi na wewe. Tunalisafisha tangi, tunapuliza mabomba, tunaosha nozeli zinazopulizia mafuta, tunaweka chujio jipya. Pipa tunalimwaga. Shangazi tutamwambia ni maji tu, yameingia. Hatutasema yameingilia wapi."

Alisema hivyo kwa mapenzi, na Masikio alijua. Alimtazama. Mikono yake ilikuwa na oili hadi kwenye viwiko, na usoni hakuwa na hata chembe ya kushangilia. Mtu mwingine, hata yeye mwenyewe, tena hasa yeye mwenyewe, angegundua jambo kama lile angekuwa barabarani sasa hivi akipiga mbiu. Binti huyu alikuwa amelipata jibu tangu jana jioni kwa vyovyote, akalala nalo, akaamka alfajiri kulihakikisha ili asimsingizie baba yake. Na sasa alikuwa tayari kulizika jibu lake mwenyewe ili baba aendelee kuitwa fundi.

Hapo ndipo kitu kikamtokea Masikio ambacho hakukitegemea. Aibu ilikuwepo, tena nyingi. Lakini chini ya ile aibu, ikaja furaha, na ilikuwa kubwa kuliko aibu. Mwanangu ni fundi, aliwaza. Si fundi wa kubahatisha. Ni fundi kunishinda mimi, na mimi ni mzima, nimeona kwa macho yangu.

"Hapana," akasema, akainuka. "Muungwana ni kitendo. Niliyoyasema kwa sauti kubwa, nitayafuta kwa sauti kubwa. Wewe shika spana. Mimi nashika simu."

Akamwita dada yake kwanza, akamweka mbele ya zile chupa mbili, akamweleza yote bila kuruka hata nukta. Mshonaji alisikiliza amefunga mikono. Alipomaliza, dada mtu akamtazama muda mrefu. "Kwa hiyo gari ulilonichagulia lilikuwa zima."

"Lilikuwa zima, dada. Aliyeliharibu ni mimi. Aliyejua ni huyu."

"Basi neno lako lilikuwa zima," mshonaji akasema. "Mkono ndio ulikuwa na maji." Akacheka, kwanza kidogo, halafu akashindwa kujizuia, akaegemea gari akilia kwa kicheko. "Lita za heshima! Ewe mtoto wa mama yangu! Umeniheshimu mpaka nikakwama mlimani!"

Kisha zikafuata simu. Binti alikuwa chini ya gari, tangi limeshushwa, akisikia kila neno. "Muuza mayai? Masikio hapa. Lile gari lako si zee. Mafuta niliyokutilia yana maji. Kosa langu. Lete, binti yangu atalisafisha." "Mwalimu? Mguu wako hauna tatizo, mwalimu. Naomba radhi. Ndiyo, unaweza kuwaambia wanafunzi wako. Ndiyo, wote." Mwalimu wa udereva, kwa kweli, alichukua muda wake kufurahi, na Masikio alimwachia afurahi. Kila simu ilikuwa kama kumeza kidonge bila maji, lakini binti aligundua kwamba kila simu iliishia na maneno yale yale, na kila mara baba aliyasema kwa sauti iliyopanda kidogo: aliyegundua ni binti yangu.

Saa kumi na moja jioni tangi lilikuwa limerudi mahali pake, limeoshwa, limekaushwa. Binti alitia lita chache alizonunua na kuzipima kwanza kwenye chupa. Gari la rangi ya maziwa likakipanda kilima cha ghala kwa gia ya tatu, mafungu yote ya sare yakiwa ndani. Mshonaji hakupiga simu kwa mkuu wa shule.

Asubuhi ya Jumamosi walianza safari, mshonaji kwenye usukani, binti kando yake, Masikio nyuma amebanwa katikati ya sare, fungu moja mapajani na jingine likimkandamiza shingo. Njia ya mlimani ilikuwa na kituo kimoja tu cha mafuta, kile kile, na tangi lilitaka kujazwa.

"Simama," Masikio akasema. "Na mimi nishuke."

Palikuwa na magari matano kwenye foleni. Msimamizi wa kituo, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alipomwona Masikio akija aliweka mikono kiunoni. Maneno ya Jumatano yalikuwa yameshamfikia, tena yakiwa yamenona.

"Mama, shikamoo," Masikio akamwanza, ingawa huenda walilingana umri.

"Marahaba. Umekuja kutukamata wezi?"

"Nimekuja kusema hivi, na hawa walio kwenye foleni wasikie." Akageuka, akapaza ile sauti yake ya kufika ng'ambo ya barabara. "Nilisema mafuta ya hapa ni mabovu. Nilisema uongo. Mafuta mabovu yalikuwa kwangu, kwenye pipa langu, kwa uzembe wangu. Mkuki kwa nguruwe, ndiyo hivyo tena. Naomba radhi."

Kwenye foleni vichwa viligeuka. Hata aliyeshika bomba la mafuta alisahau kuliachia.

"Na umejuaje?" msimamizi akauliza, mkono mmoja ukishuka kiunoni.

"Nina fundi," Masikio akasema, na kifua kikamvimba hadi akajishtukia.

Mama yule alimwangalia, akatikisa kichwa, na pembe ya mdomo wake ikalegea. "Mjazieni," akawaambia vijana wake. "Huyu leo amekunywa dawa chungu ya kutosha."

Kisha ukaja mlima wenyewe, kilomita nane za kona juu ya kona. Mshonaji alishika usukani kwa mikono miwili na midomo ikimchezacheza kwa dua. Kona ya kwanza, gari likavuta. Kona ya pili, penye mwinuko mkali ambapo malori hubadili gia kwa kelele, mshonaji akakanyaga mafuta na gari likaitika papo hapo, bila kusita, bila kikohozi. Kule nyuma, Masikio alifumba macho kwa mazoea. Alisikia silinda nne zikifanya kazi pamoja, safi. Hakutamka kitu. Alipofumbua macho alikiona kisogo cha binti yake mbele, kichwa kimeinama kidogo upande, akisikiliza na yeye. Machozi yakamtoka Masikio, akayafuta kwa sare ya mtoto wa watu, akaikunja vizuri tena.

Walifika saa nne na nusu. Mkuu wa shule, mwanamke mrefu mwenye haraka, alifungua fungu la kwanza, akavuta mshono kwa vidole, akaugeuza ndani nje, akamshika mshonaji bega na kumwambia mwakani waanze mapema, awashonee na masweta. Halafu mshonaji akamtambulisha mdogo wake, Masikio, na macho ya mkuu yakaenda kwenye gari lake mwenyewe. Lilikuwa limeegeshwa karibu na ofisi, nalo lilikuwa na tabia ya kuzima kila asubuhi. Jina la Masikio lilikuwa limefika hata kule juu.

"Kumbe ndiye wewe!" mkuu akasema. "Nimesikia unasikiliza tu na kujua. Tafadhali, nisikilizie hili langu." Akafungua boneti. Walimu wawili wakasogea, na mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Masikio aliutazama mkusanyiko ule. Watu walikuwa wamenyamaza tayari, wakimsubiri. Kwa miaka thelathini hakuwahi kuuacha ukimya wa namna hiyo upite bure. Alirudi hatua moja nyuma.

"Mama," akamwita binti yake. "Njoo uwatazamie."

Binti alimtazama baba yake kuhakikisha kama amesikia vizuri. Masikio akamwashiria kwa kidevu. Binti akatoa daftari mfukoni, akaenda, akainama juu ya injini, na watu wakamzunguka yeye.

Yeye Masikio akarudi kwenye gari la dada yake, akajitwika fungu kubwa kuliko yote begani, akaanza kulipeleka stoo pamoja na mlinzi wa geti aliyekuwa amekuja kusaidia kubeba. Katikati ya uwanja akasimama, akageuka, akamsubiri mlinzi amfikie.

"Umemwona yule aliyeinama kwenye boneti?" akamuuliza.

Mlinzi alitazama. "Nimemwona. Ndiye fundi?"

"Ndiye fundi," Masikio akasema, tena kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Yule nimemzaa mimi."